Folda ya Wanaosubiri

Jumatatu, 3 Novemba

Imejaa. Tena! Maandishi mekundu pembeni ya skrini: hakuna nafasi. Nimefunga, nimefungua, nimeipiga kofi kidogo mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Bado mekundu.

Na leo hii hii mjane wa Kosta kasimama mlangoni hapa ukumbi wa kijiji ninapofanya kazi, mkoba kifuani, anasubiri tanzia ya nusu mwaka tangu mumewe afe. Nusu mwaka ni kesho. Kesho karatasi zenye picha yake lazima ziwe zimebandikwa: getini kwao, dukani, kituo cha basi, kanisani. Bila hivyo kijiji kitasema mjane kapata mwingine. Akaniuliza, Zornitsa mwanangu, hiyo mashine yako imekufa? Nikamwambia hapana bibi, imeshiba tu. Akasema basi na imtapike Kosta wangu.

Hii laptop! Kadude kadogo ka bluu, tuligawiwa na halmashauri, na kumbukumbu yake haifikii hata ya simu ya mwanangu. Nyimbo za kikundi cha akina mama ziko humo, taarifa za maktaba ziko humo, na tanzia zote za kijiji. Folda mbili nimezipa majina mwenyewe: Waliokwenda, na Wanaosubiri.

Hii ya pili ndiyo inayonitia hofu. Ni watu walio hai na wazima kabisa, wanakunywa rakia, pombe yetu kali, na kugombania kuni, ila wameshachagua picha. Kila mmoja anataka ajichagulie sura atakayobandikwa nayo getini. Ukiwaachia watoto, watachukua ile ya kitambulisho, ambayo kila mtu anafanana na mwizi wa kuku. Lakini isichapishwe kabla! Kuchapisha ni kukaribisha kifo. Wala isitumwe kwenye simu ya mtu. Ikae hapo, moja, kwa Zori, basi. Bi Tota nilimwambia nimwekee nakala kwenye flashi, akanicheka: ya nini mbili, mimi nakufa mara moja.

Nimefuta filamu mbili na video ya harusi ya binamu yangu (anisamehe, ndoa yenyewe haipo tena). Maandishi mekundu palepale. Kila nikibonyeza kufuta, nasoma jina la faili mara mbili. Nahisi nikikosea kidogo tu nafuta kijiji kizima.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeweza!

Plamen kanipigia asubuhi kutoka Ujerumani. Mwanangu huyu siku hizi anaongea mbio, kana kwamba maneno yana zamu kiwandani. Mama, ipo programu ya bure, inasafisha yenyewe, wewe kubali tu. Nikakubali. Ikapekua, ikapekua. Mabaki ya hiki, mabaki ya kile. Kisha ikauliza: kuna picha nyingi zinazofanana, nibakize iliyo bora na kuondoa zilizobaki? Najua hizo — Kosta mwenye kofia, Kosta asiye na kofia, Kosta niliyemrudishia kofia kwa sababu mjane alibadili mawazo. Nikabonyeza ndiyo.

Nusu ya laptop tupu! Sijawahi kuiona hivyo. Nikamwaga na kikapu cha taka cha laptop papo hapo, siwezi kukaa na taka ndani, ndivyo mama alivyonilea. Kosta akatoka kwenye printa mara moja, meno yote meupe nje. Nimembandika mwenyewe kila mahali. Mjane kaniletea mtungi wa pilipili za kuchoma.

Jumatano, 5 Novemba

Laptop imejisasisha yenyewe tangu asubuhi. Duara linazunguka, linazunguka. Ilipomaliza, ile nafasi yangu nzuri karibu yote imemezwa. Ndiyo nini sasa? Nasafisha chumba, anahamia mpangaji ambaye sikumwita.

Nimetia chumvi pipa la kabichi. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Saa tano hivi Bi Tota kaja. Jirani yangu, mlango wa tatu, ndiye anayeanzisha nyimbo zote katika kikundi, na sauti yake bado inapasua kuta. Yeye ana tabia yake: akigombana na mtu, au akitoka kwa daktari, lazima apite kwangu kuitazama picha yake. Leo katoka kwa daktari. Presha juu, kasema, juu mpaka daktari kapima mara mbili akidhani kipimo kibovu. Kavuta kiti. Haya mwanangu, nifungulie nijione, nitulie.

Nikafungua Wanaosubiri.

Bi Dena. Peke yake! Bi Dena tu, mmoja wa akina mama wa kikundi, ndiye aliyekuwemo, anacheka, ndani ya koti la Bi Tota.

Nilielewa palepale. Zile picha zote nilizipiga mimi siku moja, sherehe ya wanawake ya Machi nane. Msusi alikuja kutoka mjini akawatengeneza wote nywele mawimbi yale yale. Na Bi Tota akawaazima wote koti lake la rangi ya divai, lenye vifungo vya lulu, alilotumiwa na bintiye Milena kutoka Italia. Wakapokezana. Kiti kimoja, ukuta mmoja, koti moja, nywele moja. Hata mimi niliyewapiga nilikuwa nikichanganya. Programu imeona wanafanana. Imebakiza aliye bora. Imewaondoa wengine wote, na mimi nikawamwaga.

Nikafunga haraka. Chaji imekwisha bibi, nikasema. Waya ulikuwa umechomekwa, unaonekana! Akautazama waya. Akanitazama mimi. Akasema basi nitarudi kesho, ila usicheleweshe, daktari hakunipenda leo.

Akaenda zake. Nimekaa nimeegemea kabati la madaftari ya nyimbo, nimefunga mlango wa ukumbi kwa ndani. Picha ile! Hakuwahi kupenda kupigwa picha maisha yake yote. Kwenye picha za harusi za watu yeye ni mkono unaokata mkate, au kitambaa nyuma ya bega la mtu. Siku ile tu, rakia mbili, mtu kamtania kuhusu koti kwamba sasa atapata mchumba Italia, akatupa kichwa nyuma akacheka, nami nikabonyeza. Alipoiona aliivuta karibu na miwani yake. Kisha akasema: hii. Hii ndiyo nitakayoendea. Kadi ya kamera? Nilishaisafisha zamani, ili nipate nafasi.

Naogopa. Naogopa kama nimefanya jambo lisilo la mashine tu. Mtu akifa ndiyo ninamtoa kwenye folda ile. Juzi nimewatoa wote kwa pamoja, wakiwa hai.

Ijumaa, 7 Novemba

Kwanza dirishani. Nimetazama mabomba ya moshi ya wote, nyumba moja baada ya nyingine. Yote yanatoa moshi. Mungu ni mwema.

Basi la kwanza mpaka mjini, laptop kifuani chini ya koti, nimeikumbatia kama niliyeiba. Fundi ni mtu wa makamo, sweta lina matobo viwikoni, redio inamtangazia mpira. Kasikiliza. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kaniuliza, baada ya kufuta uliweka kitu? Nikasema sikuweka chochote. Kitu chochote, mama? Nikakumbuka. Ilijisasisha yenyewe, nikasema.

Kashusha redio. Basi ndiyo hiyo, kasema, imekalia nafasi ya bibi zako.

Kajaribu hata hivyo. Nimesubiri nikila mbegu za alizeti mpaka ulimi ukachubuka kwa chumvi. Kapata vipande: nusu ya ukuta, bega la koti, vifungo vitatu vya lulu. Sura hakuna. Kasema laptop ndogo za aina hii hazina huruma, zikifuta zimefuta. Hakutaka malipo. Nimelia ndani ya basi, dereva kanipa leso yake.

Nimeingia kijijini kwa njia ya nyuma ya kanisa ili nisipite kwa Bi Tota. Mimi, mtu mzima, nachungulia kona kama mtoto aliyevunja bakuli!

Jumamosi, 8 Novemba

Moshi: wote.

Nimepata wazo. Nawapiga upya! Koti lipo, ukuta upo, kiti kipo. Nitasema ni kwa ajili ya kalenda ya ukumbi. Hakuna atakayejua. Zile mpya nitazitia foldani na jina lile lile, na mambo yatakuwa kama yalivyokuwa.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Bi Dena — binamu yake Bi Tota, wanagombana tangu enzi za shule na hawawezi kukaa siku bila kuonana — kanipokea na kisu cha kabichi mkononi. Kalenda? Na itauzwa wapi, duka la dawa? Mwenzake wa kikundi aliyekuwa ndani akadakia, wamtie Dena mwezi wa pili, ndio mfupi, watu hawatateseka sana. Wamecheka mpaka wakashika meza. Nami nimecheka. Nilikuwa nawatazama nyuso, mmoja mmoja, nikiogopa kupepesa macho.

Kwa Bi Tota nimesimama getini tu. Nikamwambia kesho baada ya kanisa, na koti tafadhali. Akasema koti utapata, na picha yangu je, chaji imeingia? Nikasema imeingia bibi, kesho utaiona. Nikasema hivyo! Imenitoka mdomoni bila kujikwaa.

Akaniita nilipokuwa naondoka. Uso umekupauka mwanangu, kasema, nenda kale kitu.

Jumapili, 9 Novemba

Bomba la Bi Tota halikutoa moshi.

Nimeliona asubuhi mapema. Nimeliona! Nikajiambia kaenda kanisani mapema. Nikajiambia kalala. Sikwenda. Niliogopa kwenda, kwa sababu ningekwenda ningeulizwa picha. Naandika hili kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia.

Baada ya kanisa wamekuja wote ukumbini, wamejichana, wamenukia kolonya. Koti hamna, wala Bi Tota. Bi Dena kalalamika, huyo anataka abembelezwe, nakwenda kumleta kwa kumvuta masikio. Tukasubiri. Kisha tukamsikia Bi Dena akipiga kelele mtaani, sauti ambayo sijawahi kumsikia.

Jikoni, sakafuni, kando ya jiko lililopoa. Anapumua. Macho wazi. Koti lilikuwa kitini, limepigwa pasi.

Gari la wagonjwa lilichelewa sana.

Jumatatu, 10 Novemba

Kiharusi. Yuko hospitali ya mjini. Mkono na mguu wa kushoto havisikii, mdomo umevutwa upande mmoja. Ulimi mzito, maneno yanatoka nusu nusu. Miwani imevunjika alipoanguka. Bi Dena kalala kitini kwa nje mpaka wauguzi wamemfukuza, karudi, wamemfukuza tena.

Mdomo wake. Hata akipona — hata akipona sitampiga tena picha ile. Haipo tena duniani, si kwenye laptop wala usoni.

Mchana Milena kapiga kutoka Italia. Ana miaka chungu nzima hajaja nyumbani, kazi yake ni kulea wazee wa watu, kuwaogesha, kuwalisha. Alikuwa analia na kupanga mizigo kwa wakati mmoja. Anakuja kesho. Kisha kashusha sauti. Dada Zori, mama aliniambia picha yake iko kwako. Ile anayoipenda. Simwombei mabaya, ila… iweke tayari tu, dada. Iko?

Nikasema iko.

Iko! Neno dogo kiasi hicho, na siwezi tena kulirudisha. Chai nimeiacha mezani.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefungua folda tena, kana kwamba wangeweza kurudi wenyewe. Bi Dena, peke yake, anacheka.

Nimemtazama muda mrefu kuliko inavyostahili. Ni binamu hawa. Paji la uso ni moja. Koti moja, mawimbi ya nywele yale yale. Ukipunguza mwanga kidogo, ukifinya pua kidogo, na tanzia zetu printa yenyewe inachapa kijivu, mvua ikinyesha siku mbili wino unachuruzika… Nani angejua? Nimefikiri hivyo. Zaidi ya kufikiri! Nilikwishachukua kifaa cha kurekebishia picha, nikaanza kumsogeza Bi Dena pua. Pua ya mtu aliye hai, anayelia kitini hospitali wakati huo huo.

Nikaacha. Nikaenda kunawa mikono.

Nimezunguka kijiji nikitafuta picha nyingine, nikisema ni za ukumbi. Nimepata: Bi Tota mgongo, akichota maji. Bi Tota nusu ya sikio kwenye ubatizo wa mtu. Ya kitambulisho. Ya harusi yake, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye hasira. Mwenye duka kaniuliza mbona unatafuta sana, si una ile nzuri? Bi Tota alinihadithia mwenyewe, kasema, akinunua sukari. Kumbe kila mtu anaijua picha hiyo. Kijiji kizima kinaisubiri bila kusema.

Kesho nakwenda hospitali. Nitamwambia. Nitamwambia Milena kwanza, kisha Bi Tota. Au yeye kwanza. Ninaogopa kwamba nikimwambia presha itapanda nami nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Ninaogopa kwamba nisipomwambia atakufa akiniamini.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika nikiwa kwenye korido, ghorofa ya tatu. Benchi la mbao, ukuta wa kijani. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Nilikuja na laptop. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aone kwa macho yake kwamba sidanganyi, folda ilivyo. Milena yupo, kakonda, koti la safari bado mwilini, anamfuta mama yake mdomo kwa ustadi wa kazi yake, bila kutazama. Akaniona na laptop, akaniambia asante dada, amekuwa akiiulizia tangu nifike. Akamwinamia: Mama, Zori kaja, kakuletea. Bi Tota akageuza jicho. Lile jicho moja linaloweza bado kutazama. Akainua mkono ulio mzima, vidole vikafanya hivi, hivi: fungua.

Nilikuwa na maneno yangu. Niliyapanga ndani ya basi, yote, kwa utaratibu. Bibi, nilikuwa nasafisha nafasi. Nikafungua mdomo nikasema, bibi… Milena akaichukua laptop mikononi mwangu akidhani nasitasita kwa adabu. Akaifungua mwenyewe. Folda ilikuwa palepale nilipoiacha jana. Akabonyeza picha ile moja.

Akaitazama. Machozi yakamjaa. Akamgeuzia mama yake skrini, karibu kabisa na uso, kwa sababu ya miwani. Tazama ulivyo mzuri, Mama, akasema. Ni wewe kabisa.

Sijui. Mpaka sasa sijui. Labda alijua ni Bi Dena, kamfanyia mama yake wema, jinsi anavyowafanyia wale wazee wa Italia kila siku. Labda hakujua. Labda miaka imekuwa mingi mno na binti hajui tena uso wa mama yake. Sijui lipi linanitisha zaidi. Nilisimama nimeshika chuma cha kitanda. Nikajisikia nikiomba — Mungu anisamehe — nikiomba macho ya Bi Tota yawe mabovu kiasi cha kutosha.

Aliitazama muda mrefu sana. Upande wa mdomo ulio mzima ukapanda. Nikadhani anatabasamu, nikaanza kupumua.

Koti, akasema. Zuri.

Ndiyo Mama, Milena akasema, koti nililokutumia.

Bi Tota akavuta pumzi, ukaona anazikusanya silabi moja moja. Hata Dena, akasema. Limempendeza.

Milena akaigeuza laptop akaitazama tena, na safari hii uso wake ukabadilika, shingo ikapanda wekundu. Hakunitazama. Nashukuru kwamba hakunitazama.

Bi Tota ndiye aliyenitazama. Si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Alinitazama kama anavyonitazama siku zote akivuta kiti kule ukumbini, anasubiri nimalize kupitisha za wengine nifike yake.

Yangu, akasema.

Nikasema nakwenda kutafuta waya bibi, nakuja. Waya uko hapa kwenye mkoba wangu, nimeukalia. Muuguzi kapita na toroli la supu. Mlango haufungi vizuri, namsikia Milena anasema polepole, anakuja Mama, anakuja sasa hivi. Kisha ile sauti nzito, neno moja, lile lile.

Milena katoa kichwa mlangoni. Macho mekundu. Dada Zori, kasema, anauliza tena. Nimwambie nini?

Nimemwambia nakuja. Sijainuka.